Sura ya Sita: Hilo Pijo Linatembea Ngapi?

Egesha Peugeot 404 iliyofufuliwa kando ya barabara pale Kirumba, Mwanza, rangi inang'aa na vioo vimefutwa, uone. Dakika tano hazitapita kabla kijana mmoja hajasogea. Atalizunguka gari mara moja, atainama kuchungulia chini, atagonga bodi kwa kidole asikie kama ni bati au ni puti tupu. Kisha atamgeukia mwenye gari: "Shikamoo mzee. Hiki chuma kinatembea ngapi?"

Swali ni la haki, ila linatafuta jibu mahali lisipokuwapo. Muulizaji anataka namba ya mwisho iliyochorwa kwenye dashibodi. Akitajiwa 140 na kitu anacheka kwa adabu, kwa sababu Subaru ya kaka yake imeandikwa 240, ingawa tangu iteremshwe bandarini haijawahi kufika huko hata siku moja.

Sura hii inalijibu swali hilo kwa kupitia mchezo mmoja ambao namba ya dashibodi haina kazi kabisa. Unaitwa mbio za dragi. Humo gari la enzi za Azimio la Arusha linaweza kuishinda hiyo Subaru mchana kweupe, mbele ya waamuzi, na mwenye Subaru asiwe na pa kukatia rufaa.

Mita 402, basi

Mbio za dragi ni magari mawili yanayosimama sambamba, yanaondoka kwa taa, yanakwenda mstari mnyoofu na kumaliza. Hakuna kona wala mzunguko wa pili. Umbali wa kawaida ni robo maili, yaani mita 402. Viwanja vingine hutumia nusu yake, mita 201. Anayetaka kuuona umbali huo kwa macho aende Kigongo. Daraja la J.P. Magufuli, lililofunguliwa Juni 2025 kuunganisha Kigongo na Busisi, lina urefu wa takriban kilomita 3, na robo maili inaingia humo zaidi ya mara saba. Akatazame tu, asijaribu kitu.

Mchezo wenyewe ulipata utaratibu Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Vijana wa California walikuwa wakishindana usiku barabarani, wakiumia na kuwaumiza wengine. Mwaka 1950 yakaanza mashindano ya kiingilio kwenye kiwanja kidogo cha ndege cha Santa Ana. Mwaka 1951 Wally Parks akaanzisha chama cha NHRA, na shabaha yake kubwa ilikuwa kuwatoa vijana barabarani na kuwapa mahali pao. Ubingwa wa kwanza wa taifa ulifanyika mwaka 1955 huko Great Bend, Kansas, nao ulikuwa kwenye kiwanja cha ndege. Uingereza nao walipofungua Santa Pod mwaka 1966, walitumia kiwanja cha ndege za kivita kilichoachwa baada ya vita.

Kila mahali ni kiwanja cha ndege, na sababu haihitaji kufikiriwa sana. Lami yake ni pana na tambarare, hakuna ng'ombe anayekatiza, na mbele ya mstari wa kumalizia pamebaki nafasi ndefu ya kusimamia. Nafasi hiyo ya kusimamia ndiyo inayosahauliwa na vijana wanaoshindana usiku barabarani. Gari lililokimbia mita 402 linahitaji karibu umbali mwingine kama huo ili litulie bila kupinduka.

Muda nao unapimwa kwa namna inayowachanganya wageni. Saa ya gari haianzi taa ya kijani inapowaka. Inaanza gurudumu la mbele linapouacha mstari. Kuchelewa kwa dereva baada ya taa kunapimwa peke yake, na huitwa muda wa kuitikia. Kwa hiyo gari linaweza kukimbia haraka kuliko mwenzake na bado likafika la pili, kwa sababu dereva wake alikuwa bado anafikiria. Taa zenyewe zimepangwa kwenye nguzo iliyosimama katikati ya njia mbili. Wenyewe huiita mti wa Krismasi, na imekuwapo tangu 1963. Taa za njano zinashuka moja baada ya nyingine kwa nafasi ya nusu sekunde, halafu kijani. Ukiondoka mapema inawaka nyekundu, na safari yako imeisha.

Juu kabisa ya mchezo huu kuna magari yasiyofanana na kitu chochote kinachopita Nyegezi. Hayo yanapita kilomita 530 kwa saa ndani ya muda usiofika sekunde nne, na mwaka 2008 umbali wake ulipunguzwa hadi mita 305 baada ya dereva Scott Kalitta kufariki mbioni. Tuyaache hapo. Wengi wanaojaza viwanja wikendi ni watu wa kawaida wenye magari ya kawaida, na mengi kati ya hayo ni ya zamani. Santa Pod huwa na siku ambazo yeyote mwenye leseni na gari linalopita ukaguzi anaingia, na kila Julai kuna tamasha la magari ya zamani liitwalo Dragstalgia.

Bodaboda na V8 kwenye mataa

Fizikia ya mchezo huu inaonekana bure katikati ya jiji. Mataa yanawaka kijani. Bodaboda inachomoka, Land Cruiser V8 nyuma yake bado inajikusanya. Kwa mita kumi au kumi na tano bodaboda ni mfalme. Kisha V8 inashika kasi na kumpita kama amesimama.

Wote wawili wamefundisha jambo. Pikipiki ya cc 125 ina nguvu za farasi kama kumi hivi. (Nguvu ya farasi ni kipimo cha kazi ambayo injini inaweza kufanya kwa muda fulani, gari dogo la abiria lina 70 hadi 120.) Ukiijumlisha na dereva, kila farasi anabeba kilo karibu 18. V8 ina farasi 260 na kitu kwa tani mbili na nusu au zaidi, kwa hiyo kila farasi wake anabeba kama kilo 10. Kwa mwendo mrefu V8 lazima ishinde. Lakini mwanzoni nguvu inasubiri. Anayeachia klachi vizuri, tairi isiteleze na injini isizimike, anapata hatua ambazo mwenzake atalazimika kuzilipa.

Ndiyo maana mita 18 za kwanza zina kipimo chake chenyewe. Kidogo unachookoa hapo kinafika mwisho wa njia kikiwa kimeongezeka, kwa sababu unakimbia mita zote zilizobaki ukiwa na kasi kubwa kidogo kuliko ambayo ungekuwa nayo.

Halafu kuna uzito. Kwa gari zito lenye injini kubwa, kilo 50, yaani mfuko mmoja wa saruji, hugharimu kama sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kwa Pijo 404, lenye uzito wa tani moja na ushee na farasi 70 na kitu, mfuko huohuo unaweza kula karibu sehemu tatu za kumi. Zinaonekana ndogo. Lakini gari linalovuka mstari kwa kilomita 105 kwa saa linakwenda mita 29 kila sekunde. Sehemu tatu za kumi ni zaidi ya mita nane, karibu urefu wa Pijo mbili zilizopangwa moja nyuma ya nyingine. Kabla ya kununua kifaa chochote cha kuongeza nguvu, mwenye gari atoe kwanza tairi la akiba, jeki, spana za babu na magunia yaliyosahauliwa kwenye buti.

Ziwa liko juu kuliko linavyoonekana

Hapa ndipo Mwanza inapokuwa na neno lake.

Mtu akisimama Capripoint, maji miguuni na mawimbi yakipiga mawe, mwili wake unamwambia yuko usawa wa bahari. Hayuko. Uso wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam: pale injini inapovuta ndoo kumi za hewa Kariakoo, Mwanza inapata kama tisa, na siku ya joto hata hazitimii tisa. Mafuta hayawaki bila hewa. Hewa ikipungua kwa sehemu ya kumi na kidogo, nguvu nayo inapungua hivyo hivyo.

Hesabu yake si ngumu. Pijo linalomaliza robo maili kwa sekunde 19.60 Dar es Salaam litatumia kama sekunde 20.40 Mwanza, likiwa na dereva yuleyule, tairi zilezile na mafuta ya kituo kilekile. Fundi hajakosea. Dereva hajazeeka njiani. Ni kimo cha mahali tu.

Kabureta inazidisha taabu. Kabureta ni kile kidude kilicho juu ya injini za zamani kinachochanganya petroli na hewa kabla havijaingia kuwaka. Magari ya sasa yana kompyuta inayopima hewa na kupunguza mafuta yenyewe. Kabureta haina akili hiyo. Iliyotegeshwa Dar inaendelea kumwaga mafuta ya Dar ndani ya hewa ya Mwanza. Mafuta yanakuwa mengi, moshi unakuwa mweusi, na gari linaanza kumisi likikanyagwa. Dawa ni kubadilisha jeti, kitobo kidogo cha shaba kinachopitisha petroli, na kuweka chenye tundu dogo zaidi.

Fundi anajuaje kwamba amefika? Anazima injini ikiwa imetoka kufanya kazi ngumu, anafungua plagi, anaigeuza juani na kuangalia ncha yake. Nyeusi yenye masizi kama sufuria la kuni: mafuta yamezidi. Nyeupe kama chokaa: mafuta ni machache na injini inaungua. Anachotafuta ni rangi ya chai ya maziwa. Mafundi wazuri wa zamani waliweza kulisoma gari zima kwenye plagi nne zilizopangwa juu ya gazeti, na wapo bado wanaoweza.

Kimo kinaleta jambo jingine ambalo wenye magari ya zamani hulilaumu kwa radieta bure. Mwanza maji hayasubiri nyuzi 100 ili yachemke. Yanachemka kwenye nyuzi kama 96. Kifuniko cha radieta kimewekwa ili kubana maji na kuyazuia yasichemke mapema. Kifuniko kilicholegea, kinachovumilika Tanga, hapa kinakuwa sababu ya gari kuchemsha kila mlima wa Bugando.

Kwa upande wa nguvu, Subaru yenye tabo inaumia kidogo tu, kwa kuwa tabo ni feni inayoisukumia injini hewa kwa nguvu. Marekani wanalijua jambo hili la kimo vizuri. Kiwanja cha Bandimere karibu na Denver, kilichofungwa mwaka 2023, kilikuwa kwenye kimo cha karibu mita 1,780, na chama cha NHRA kilikuwa na hesabu maalumu za kusawazisha muda wa magari yaliyokimbia milimani.

*Kwa ufupi:* muda wa gari unatokana na uzito, nguvu, namna linavyoondoka na hewa linayovuta. Hilo la mwisho hubadilika kwa mji, na hata kwa saa za siku.

Kufufua si kupaka rangi

Watu wa Mwanza wameshaona ufufuaji mkubwa kuliko wa gari lolote. MV Victoria ilianza kazi ziwani mwaka 1961, ikasimama mwaka 2014, na mwaka 2020 ikarudi njia ya Bukoba ikiwa na injini mpya na jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Mabishano ya wakati ule gatini yanafanana sana na mabishano ya gereji: je, hii ni ileile au ni nyingine? Bodi ni ya zamani. Moyo ni mpya.

Kwa gari kuna njia mbili, na mwenyewe achague mapema. Njia ya kwanza ni kulirudisha kama lilivyotoka kiwandani, hadi nati. Ya pili ni kulifanya lishindane, kwa kubadilisha chochote kinachodhoofisha. Anayeanza na njia ya kwanza na kuhamia ya pili katikati humaliza fedha kabla ya injini kurudi ndani.

Peugeot 404 ni mwalimu mzuri wa kazi hii. Ilitengenezwa Ufaransa kuanzia 1960 hadi 1975, na bodi yake ilichorwa na Pininfarina wa Italia. Injini yake ya cc 1,618 haikusimama wima. Imelazwa kwa nyuzi 45 ili boneti iwe chini. Gia zake ziko kwenye usukani. Difu, yaani kisanduku cha nyuma kinachogawa mzunguko kwa magurudumu, halina meno ya kawaida bali chuma chenye mistari kama skrubu kinachosukuma jino la shaba. Fundi aliyezoea Corolla akilifungua kwa mara ya kwanza anakaa kimya kidogo.

Spea zinatafutwa, na kisichopatikana kinatengenezwa. Makoroboi, mtaa uliopata jina kutokana na koroboi zilizotengenezwa humo kwa makopo na mabati chakavu, unawakumbusha wakazi wa jiji kwamba chuma hakizeeki haraka. Kinachozeeka ni mpira. Injini ya miaka 50 inaweza kuwa nzima huku kila kitu laini kilichoizunguka kimekufa: paipu za breki, sili, mikanda, gasketi, mipira ya springi. Mpira hufa hata gari likiwa limefunikwa turubai bila kutembea, na ndiyo maana Pijo "lililotunzwa na mzee, halikutumika kabisa" mara nyingi ni baya kuliko lililokuwa likibeba viazi kila wiki. Gari lililopigwa rangi ya kung'aa juu ya paipu za breki za mwaka 1970 ni kaburi lililopakwa chokaa. Mwenye fedha kidogo aanze na breki, kisha usukani, kisha tairi. Injini inaweza kusubiri. Rangi isubiri kuliko vyote.

Kabla ya dragi, kulikuwa na Safari

Afrika Mashariki haijawahi kuhitaji kufundishwa kwamba gari la kawaida lililoandaliwa vizuri linashinda la kifahari. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwanzoni magari yaligawanywa kwa bei yake dukani. Mwaka 1963 magari 84 yaliondoka, 7 yakafika, na mshindi alikuwa Peugeot 404. Mwaka 1968 yaliondoka 93 na tena yakafika 7. Mshindi: Peugeot 404. Katikati ya miaka hiyo, 1966 na 1967, ushindi ulikwenda kwa Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na msoma ramani Chris Rothwell. Gari lao? Msomaji ameshajua.

Mwaka 1965 ndio wenye funzo zaidi kwa sura hii. Joginder Singh wa Kenya, akiwa na ndugu yake Jaswant, alishinda kwa Volvo PV544 ambayo haikuwa mpya. Ilikuwa imetumika na timu ya kiwanda mwaka uliotangulia. Aliwaacha waliomfuata kwa zaidi ya saa moja na nusu.

Kisha mwaka 2003 yakaanzishwa mashindano ya Safari kwa magari ya zamani, miaka 50 baada ya yale ya kwanza, na mara kadhaa njia yake imeingia Tanzania. Björn Waldegård wa Sweden, aliyeshinda Safari yenyewe mwaka 1977, aliyashinda haya mwaka 2007 kwa Ford Escort na mwaka 2011 kwa Porsche 911. Mara hiyo ya pili alikuwa na umri wa miaka 68, na msoma ramani wake alikuwa mwanawe Mathias.

Safari ni siku kadhaa za tope na vumbi. Dragi ni sekunde chache za lami. Maandalizi yake ni ndugu wa damu.

Ijumaa hadi Jumapili

Chukua timu ya mfano: Pijo moja, dereva, fundi, kijana wa spana, na mtu wa daftari. Huyu wa mwisho hudharauliwa, na bila yeye wengine watatu wanakisia tu.

Ijumaa gari linafika kiwanjani juu ya trela. Mwenye busara halitumii barabarani siku ya kulipeleka, kwa sababu kila kilomita ni nafasi ya kitu kulegea. Nyuma ya pikapu kuna plagi za akiba, mikanda, paipu za radieta, gasketi ya kichwa, oili, boksi la jeti za kabureta, jeki, kipima upepo na maji mengi kuliko yanavyoonekana kuhitajika.

Kazi ya kwanza ni ukaguzi, na hapa wageni wengi huishia. Wakaguzi hutazama mambo kama haya:

- Betri imefungwa kwa chuma na bolti, si kwa mpira wa tyubu ya baiskeli.
- Pedali ya mafuta ikiachiwa inarudi yenyewe, mara moja, kwa springi.
- Hakuna tone la oili wala maji chini ya injini. Tone moja kwenye njia linaweza kumpeleka mwenzako ukutani, na kufuta oili kunasimamisha mashindano yote.
- Vifuniko vya rimu vimeondolewa na nati zote zipo.
- Mkanda na helmeti ni vizima.

Mpira wa tyubu ndio unaoondoa wengi. Umeshika betri za nusu ya magari ya Kanda ya Ziwa kwa miaka mingi, na hakuna anayekumbuka kwamba upo.

Jumamosi ni ya majaribio. Kabla ya mstari kuna sehemu yenye maji, ambapo magari yenye tairi maalumu hulowesha mpira na kuuzungusha hadi utoe moshi, ili upate joto na kunata. Pijo lenye tairi za kawaida linapita pembeni. Tairi yenye mifereji hubeba maji hadi mstarini na kuyadondosha pale pale inapotaka kushika.

Kila mbio inampa dereva karatasi ndogo yenye namba: muda wa kuitikia, mita 18, mita 201, mita 402, na kasi ya mwisho. Mtu wa daftari anaandika pembeni saa, joto, upepo wa tairi na upepo wa angani. Tuseme saa tatu asubuhi Pijo limepiga 20.31. Saa tano, 20.40. Saa nane mchana, 20.55. Kijana wa spana anaanza kusema injini imechoka. Mtu wa daftari anamwonyesha namba za mita 18: zinalingana mara zote tatu, kwa hiyo dereva na klachi hawana kosa. Kilichobadilika ni hewa. Jua limeipasha, imezidi kuwa nyepesi, na kwenye kiwanja kilicho kando ya ziwa, mchana upepo huvuma kutoka majini kwenda nchi kavu. Ukiwa unakimbia kuuelekea, unasukuma ukuta.

Hapo hakuna cha kutengeneza, na fundi mzuri anafunga boksi lake. Fundi mwenye haraka angeanza kugusa kabureta, na Jumapili asubuhi hakuna ambaye angejua gari linapiga ngapi.

Kati ya mbio moja na nyingine boneti inabaki wazi. Hakuna anayemwaga maji baridi juu ya injini ya moto. Bloku ya chuma inaweza kupasuka kama glasi iliyotiwa chai ya moto. Watu wanakaa kwenye kivuli cha turubai, wanakula sato na ugali, wanabishana. Timu ikikimbia mara kumi wikendi nzima, gari litakuwa limeshindana kwa dakika 3 na sekunde 24. Saa nyingine zote ni za kusubiri, kupima na kubana nati.

Mzee aanze mbele

Jumapili ni mtoano, kama Kombe la FA: anayeshindwa anafunga virago. Magari 16 yanamaanisha raundi nne hadi ubingwa. Na hapa linajibiwa swali la Subaru.

Babu na mjukuu wakishindana ufukweni, babu anaanzia mwembeni na mjukuu anaanzia kwenye mitumbwi. Katika aina ya dragi inayopendwa zaidi na wenye magari ya kawaida, utaratibu ni huo, ila badala ya hatua wanagawana sekunde. Kabla ya kuondoka, kila dereva anaandika kwenye kioo cha gari muda anaotabiri kupiga. Pijo linaandika 20.40. Subaru inaandika 14.10. Tofauti ni sekunde 6.30, na hizo ndizo Pijo linazoanza nazo. Kijani cha Pijo kinawaka, linaondoka, gia zinabadilishwa kwenye usukani mbele ya watu wote, na Subaru bado imesimama ikinguruma. Kisha nayo inapewa kijani. Magari yote mawili yakitimiza ahadi yake, yanafika mstarini pamoja.

Anayesema huo ni upendeleo hajasikia sharti la pili. Dereva akimaliza kwa muda mfupi kuliko alioandika, ameshindwa. Pijo lililoandika 20.40 likipiga 20.38 linarudi nyumbani, hata kama limefika la kwanza. Huwezi kujidai mnyonge ili upewe mwanzo mkubwa. Wapo wanaojaribu: wanaandika muda mrefu kuliko uwezo wao, halafu wanakanyaga breki mita chache kabla ya mwisho. Ni ujanja unaoruhusiwa, na ni wa kuchosha kuutazama.

Kwa sheria hiyo, gari bora si lenye kasi. Ni lile linalorudia. Pijo lenye kabureta iliyotulia, dereva anayebadilisha gia kwenye mngurumo uleule kila mara, na daftari linalojua saa nane mchana kuna 20.55, ni adui mbaya sana kwa Subaru ambayo tabo yake leo inavuta hivi na kesho vile. Mabadiliko ya gia ya 404 ni ya polepole, lakini ni ya polepole kwa kiasi kilekile kila siku.

*Kwa ufupi:* andika muda unaoweza kuurudia, itikia taa mapema, usivunje ahadi yako.

Msomaji mwenye Pijo, Land Rover au Datsun iliyolala uani Igoma au Ilemela asiipeleke usiku barabara ya Musoma kuijaribu. Polisi ni tatizo dogo hapo. Watoto, punda na malori yasiyo na taa ndio tatizo. Na asianze na rangi. Jumamosi hii afungue magurudumu aangalie paipu za breki. Zikiwa na nyufa azibadilishe zote, hata zile zinazoonekana nzima. Akimaliza, awashe injini ipate moto, atoe plagi nne, azipange juu ya gazeti kwa mpangilio wa silinda zake, na kumwita fundi aliyezoea kabureta.